Noti Zangu Mkononi mwa Mzee Nassoro

Mwanangu Mishi,

Naandika wewe ukiwa bado kwa msusi, sanduku lako liko mlangoni na umenikataza kuligusa kwa sababu jana nililifungua mara tatu. Sitakuambia ule nini, uvae nini wala ujihadhari na nani. Hayo shangazi zako wamekwambia wiki nzima mpaka ukaanza kuitikia bila kusikiliza, nilikuona. Mimi nina jambo moja, nalo ni baya.

Asubuhi ulikwenda kuomba radhi kwa majirani, kama anavyofanya kila msafiri wa kwetu, ukarudi unacheka. Ulisema, "Mama, Babu Nassoro kazeeka kweli. Nimemwambia anisamehe kama nimemkosea, kanambia, wewe huna kosa kwangu mjukuu wangu, mama yako je, yeye hasafiri?" Ukacheka tena ukaenda kuoga. Mimi nilibaki jikoni na kisu mkononi, na nilipotazama chini nilikuwa nimejikata kidole wala sikusikia.

Babu Nassoro hajazeeka akili. Maneno yale alinitumia mimi. Unajua taya lake limekaa upande, jicho la kulia halioni, na kwa miaka yote uliyomjua chakula chake ni uji na mchuzi. Umeambiwa tangu mdogo kwamba aligongwa na bodaboda njia ya Pangani. Uongo huo niliutunga mimi. Aliyemvunja taya ni mimi mama yako, kwa jiwe la mizani la kilo mbili, mchana kweupe, kwenye mnada wa samaki Kigombe.

Sasa umeshajua. Soma na yaliyobaki.

Ulikuwa darasa la tatu. Mama yako mdogo Zuhura alikuwa Muscat, anafanya kazi za ndani, kwenye mji ule ule unaokwenda wewe na cheti chako cha uuguzi. Yeye hakwenda na cheti. Siku moja aliunguza shati kwa pasi, mwenye nyumba akammwagia birika la chai ya moto mgongoni. Akatoka mbio bila viatu, pasipoti kifuani, akajificha kwenye chumba cha wasichana wa huku kwetu. Akanipigia simu. "Dada, nitumie nauli. Akinipata ataniua." Hakuwa anatia chumvi. Sauti ile naijua. Ndiyo aliyokuwa akilia nayo nyuma yangu tulipokuwa watoto, baba yetu anaporudi kutoka shamba la mkonge na mkanda umeshatoka kiunoni. Mimi nilikuwa nasimama mbele yake. Nilijifunza mapema kwamba anayepiga kwanza ndiye asiyelia, na niliishi hivyo mpaka nikawa mtu mzima mwenye mtoto.

Nilikuwa na laki tisa. Zamu yangu ya upatu, herini za bibi yako nilizouza, na za kukaanga samaki nilizokuwa naweka kwenye kopo. Nauli na faini yake ya kumtoroka mwajiri zilikula zote, hakikubaki hata cha mkate. Nikaanza kutafuta njia ya kuzifikisha. Benki kijana akaniuliza namba ya akaunti ya mpokeaji. Nikamwambia mpokeaji amelala sakafuni na malengelenge mgongoni, akaunti ataitoa wapi. Nikaenda kwenye duka la kutuma fedha. Pale makato aliyonitajia yule wa dirishani niliyaona ya kuvumilika. Halafu akaniandikia kwenye karatasi riyal atakazopokea Zuhura. Nikazigeuza kuwa shilingi kwa bei niliyosikia redioni, nikakuta kuna fedha nyingine zimepotea ambazo hazikutajwa popote kwenye makato. Nikamuuliza ziko wapi. Akasema, "Ndiyo bei yetu ya kubadilisha, mama." Nilitamani kupenyeza mkono kwenye lile dirisha nimzabe kibao. Kwa zile zilizobaki mdogo wangu angefika nusu ya njia, na ndege haishushi abiria njiani.

Jirani mmoja ndiye aliyenambia, nenda kwa Mzee Nassoro, elfu tano tu. Alikuwa na duka lake hapa hapa Usagara, nyuma ya msikiti. Ananunua nazi Pangani na papa mkavu Kigombe, anampelekea ndugu yake Muscat anauza kule. Nikampelekea kopo lote. Alihesabu, akaandika jina la Zuhura kwenye daftari la shule, akampigia ndugu yake mbele yangu. Nikamuuliza zitafikaje. Akacheka, wakati ule ana meno yote. "Fedha haipandi meli, Saumu. Ya hapa inabaki hapa, ya kule inatoka kule."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa kitu. Niliona haya kuuliza mara ya pili, kwa kuwa nyuma yangu walisimama watu wawili wanaoonekana wamesoma. Akilini mwangu noti zangu zitatiwa bahasha, zitapewa mtu, zitasafiri mpaka mkononi mwa Zuhura, na atazitambua kwa harufu. Leo nikifikiri, swali moja tu la kijinga lingeliokoa taya la mtu.

Siku ya tatu Zuhura akanipigia analia, hajapata kitu. Kabla sijamuuliza zaidi simu yake ikazimika, nikapiga kutwa nzima haipatikani. Nikaenda kwa Mzee. "Ziko kule tangu juzi," akasema. "Mwambie mdogo wako akazichukue." Sikulala siku mbili. Kila nikifumba macho namwona yule bwana wa shati kamkamata Zuhura nywele. Asubuhi nikachukua beseni langu nikaenda Kigombe kununua samaki, maana ningekaa nyumbani ningekuua wewe kwa vibao.

Mnada ulikuwa umechangamka, papa watatu wakubwa mchangani. Mzee Nassoro amechuchumaa na wavuvi, anawalipa. Akatoa kitita mfukoni. Mishi, kingo za noti zilikuwa za manjano. Unajua vidole vyangu, ndiyo bizari ninayopakia samaki, haitoki, na kila noti iliyopita kwenye kopo langu ilikuwa na alama ile. Na ya juu kabisa ilikuwa elfu kumi niliyoandikia namba ya muuza mkaa kwa mkono wangu.

Nikamwambia, "Mzee, hizo si zangu hizo?"

"Ndizo," akasema, bila hata kushtuka. "Zako umeshazituma."

Lile lilikuwa jibu la mtu mwaminifu. Mimi nilisikia dhihaka. Mbele yangu palikuwa na mizani ya muuza samaki, nikaokota jiwe la kilo mbili nikampiga nalo usoni. Nilisikia mfupa unavunjika, nikampiga tena, hiyo ya pili ndiyo iliyochukua jicho. Halafu nikapiga ukelele wa neno moja, mwizi.

Sijawahi kukuhadithia jinsi watu wanavyofika neno lile likisemwa. Hawaulizi kaiba nini. Waliotangulia ni wale wale aliokuwa anawalipa, wengine fedha yake bado iko mkononi. Walimpiga kwa makafi, kwa mateke, mmoja kwa kamba ya nanga yenye chuma. Kijana aliyekuwa anakula muhogo aliuweka vizuri juu ya jiwe, akaja akampiga mateke ya mbavu, akarudi kwenye muhogo wake. Mtu mmoja alimkanyaga mkono uliokuwa umeshika zile noti, vidole vikavunjika vikaziachia, na wale wale waliokuwa wanampiga mwizi wakaanza kuziokota na kutia mifukoni. Kisha akaja mwingine na dumu la petroli ya mashine ya boti, akammwagia.

Aliyemwokoa ni muuza pweza, Bi. Mwanahawa, mwanamke mwembamba ambaye hata salamu hatukuwa tukipeana. Alimlalia juu. Petroli ikamlowesha na yeye. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kama mnachoma, chomeni wawili." Mwenye kiberiti akakirudisha mfukoni. Alikuwa anamjua, alikuwa anamkopa pweza.

Unataka kujua mimi nilikuwa wapi wakati ule? Nilikuwa nimepiga magoti nafukua mchanga, natafuta noti zangu. Nilipata saba. Sikusema basi, sikusema mwacheni, sikusema kitu.

Jioni ile Zuhura akapiga. Anacheka. "Dada, nimepata. Niliogopa kutoka, duka lao liko karibu na nyumba ya yule bwana, na simu iliisha chaji. Kaka yake Mzee Nassoro kaja mwenyewe kaniletea mpaka mlangoni, kanihesabia mkononi. Mwambie Mzee Mungu amlipe." Nikamwambia nitamwambia. Wewe ukaingia, ukaniuliza, "Mama, hiyo damu kwenye kanga ya samaki gani?" Nikakupiga na mwiko. Kovu la kiwiko chako halikutokana na kuanguka kitandani. Ulikuwa na miaka tisa na uliuliza swali la kweli.

Ndipo nikaelewa alichosema. Shilingi zangu zilibaki huku kununulia papa, na riyal za kule zilitoka kwenye papa waliokwisha kuuzwa. Hakuna kilichovuka bahari isipokuwa neno la mtu, na lile neno lilitimizwa. Mimi nilimponda mtu uso kwa kosa la kutumia fedha ambazo hazikuwa zangu tena.

Polisi walikwenda hospitali kumuuliza. Hakuwatajia jina langu. Si kwa huruma, usije ukadhani. Kazi ile hakuwa na leseni nayo, angenitaja angeulizwa alikuwa na fedha zangu kwa biashara gani, na lile daftari la shule lingemfunga yeye kabla yangu. Nikaenda kitandani kwake, nikamwambia kwa kunong'ona, sema ni bodaboda. Alinitazama kwa jicho moja, akafumba. Alinyamaza asifungwe, nami nikanyamaza nisifungwe, na hilo ndilo tuliloishi nalo nyumba hii na ile. Kila bakuli la uji la Ramadhani nilikutuma wewe, kwa sababu mimi siwezi kumtazama anavyokunywa.

Sasa utakwenda kule na mshahara, na utataka kutuma huku. Najua umeshapanga, umemwahidi mdogo wako ada na mimi bati. Basi nikwambie nilichojifunza kwa gharama ya uso wa mwenzangu. Usimuulize mtu makato ni kiasi gani. Muulize, nikikupa riyal hizi, mama yangu atashika shilingi ngapi mkononi. Jibu hilo moja ndilo lenye kila kitu ndani, na wale wanaopaka rangi dirishani kwamba hawakati kitu ndio uwaulize mara mbili. Usitume vijisenti kila Ijumaa kwa sababu umenikumbuka, kila mara unakatwa; kusanya, tuma mara moja kwa mwezi, na Ijumaa nipigie simu tu. Wiki ya kuelekea Idi kila mtu anatuma, wewe tuma kabla. Andika jina langu lililo kwenye kitambulisho, Saumu Bakari, usiandike Mama Mishi, dirishani hawamjui Mama Mishi. Siku hizi fedha inaingia hata kwenye simu, na njia za halali zimekuwa rahisi kuliko enzi zangu. Zunguka, linganisha, ona haya baadaye. Na usichokielewa, uliza mpaka wa nyuma yako waanze kuguna.

Watakuja pia watu wazuri wa aina ya Mzee Nassoro, watakwambia kwa chini ya hapo. Wengine watakuwa waaminifu kama yeye. Usiwape. Ule uaminifu wake haukuwahi kunidhuru, lakini siku nilipoingiwa na shaka hapakuwa na mlango wa kugonga, risiti ya kuonyesha wala mtu wa kutuamua. Palikuwa na jiwe. Vile vichache utakavyolipa zaidi dukani, ujue unalipia mahali pa kugombana bila kupigana. Wewe ni damu yangu, Mishi. Nilikuona ulivyomshika shingo yule kondakta mwaka jana, na wenzako wakacheka, na mimi nikaingia ndani nikatapika.

Nilikuwa nimefika hapa nikaweka kalamu. Nilijitanda nikaenda kwake. Sasa hivi ni baada ya magharibi, umerudi, nakusikia uani unawaonyesha shangazi zako nywele. Namalizia haraka.

Nilimkuta barazani. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akaniuliza, "Kumbe na wewe unasafiri?"

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Mtu yule hajawahi kunipa hata mkono wa Idi. Leo alinishika mkono wangu wa kulia, akaubandika kwenye taya lake, akaukandamiza kwa nguvu mpaka nikausikia mfupa ulivyopandana. Nilijaribu kuutoa, hakuachia.

"Hili nimekusamehe zamani," akasema. Maneno yake yanatoka upande mmoja, unajua. "Limeunga vibaya, lakini limeunga. Ila kule Kigombe mimi mwizi mpaka leo. Mwanangu kaposa kule, wakamwambia hatuozi mtoto wa mwizi. Jina lile ulinipa mbele ya watu, Saumu. Kaliondoe mbele ya watu."

"Lini, Mzee?"

"Mnada upo kila asubuhi."

"Kesho mwanangu anasafiri."

"Najua," akasema, akauachia mkono.

Hakuniambia lazima iwe kesho. Ningeweza kwenda keshokutwa, au wiki ijayo. Lakini mimi najijua. Nikikusindikiza stendi nitalia, nikilia nitajionea huruma, na nikishajionea huruma sitakwenda tena. Nitakwenda kesho, kabla jua halijawa kali, watu wakiwa wengi. Nitasimama pale pale. Nitasema hakuiba, nilikuwa mjinga na nikampiga, na waliookota zile noti ndio walioiba, na ninawajua kwa sura. Hapo ndipo watakaponigeukia, sijidanganyi. Bi. Mwanahawa alishafariki. Huenda wakanipiga, huenda wakaniita mwendawazimu, huenda mtu akanipeleka polisi, na nikipelekwa nitaeleza yote isipokuwa lile daftari.

Naogopa, Mishi. Nimepiga watu wengi maishani mwangu na sijawahi kwenda mahali nikijua nitakaa nipigwe mimi, na mkono nisinyanyue.

Shangazi yako Rehema ndiye atakayekupeleka stendi. Nimemwambia tumbo limenisumbua, yeye hajui kitu. Barua hii naiweka ndani ya pasipoti yako, utaikuta uwanja wa ndege utakapoitoa. Usirudi. Nasema usirudi, hata kama umeshaanza kulia na watu wanakutazama. Radhi zangu unazo zote, za safari na za kukaa. Mimi zako naziomba kwa ule mwiko, na hujalazimika kunipa upesi.

Ukitua Muscat, usinipigie mimi kwanza. Mpigie Mzee Nassoro, mwambie umefika salama, halafu muulize kama mama yako alikwenda. Atakachokwambia ndicho.

Mama yako,
Saumu